Mstari Mwekundu wa Gatsata

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa buti, daftari na kopo la rangi nyekundu. Kazi yetu ilikuwa kusoma rula, yaani ile nguzo ya chuma yenye namba iliyosimikwa katika mto Nyabugogo hapa Kigali, asubuhi na jioni. Mafuriko yakipita, tulikimbilia nyumba za bondeni kutafuta ukanda wa tope ukutani kabla wenyewe hawajaosha. Tuliupima ndani ya vyumba, kwa sababu nje mawimbi hudanganya, kisha tukapiga mstari mwekundu nje ili kila mtu ajue maji yalifika wapi.

"Kosea hesabu, nitakusamehe," aliniambia Msimamizi wangu wa kwanza, mtu mkali kama pilipili. "Kosea mstari, utaua mtu."

Baadaye nikahamishiwa kituo cha Gatsata, mtaa wa bondeni kando ya mto huo huo. Mkuu wa Kituo wa huko alikuwa mtu wa suti na manukato. Mwenye nyumba mmoja akaja kulalamika kwamba mstari ulio ukutani kwake unamfukuzia wapangaji. Nikaitwa.

"Bwana, chukua chokaa, ufute."

"Shefu, maji yakirudi je?"

"Wewe umeajiriwa kusoma rula au kubishana na mimi?"

Nikafuta. Wallahi, kwa mkono huu huu. Nikaendelea na kazi mpaka nikastaafu, wakaniaga kwa soda na hotuba.

Mwaka huu binti yangu alitupeleka, mimi na wajukuu, kwa wakwe zake Kasese, Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Asubuhi mawingu yalipofunguka tukaiona barafu, kipande cheupe kidogo kama kiraka. Mzee mmoja aliyepandisha wageni huko maisha yake yote alituonyesha picha kwenye simu. Kila barafu inaporudi nyuma, wao hupaka rangi mwambani pale ilipoishia.

"Joto linaila," alisema. "Na mvua siku hizi ina wazimu, mto ulibeba hata jiko langu. Tusipoweka alama, watoto watasema tuliwadanganya."

Mjukuu wangu akanigeukia. "Babu, na nyinyi mliweka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nyabugogo haupati maji ya barafu, lakini wazimu wa mvua ni ule ule. Wenzetu wanatunza alama za mahali asipolala mtu, sisi tunafuta zilizo juu ya vitanda vya watoto! Kweli hatuna haya? Nilirudi Kigali nimefura kwa hasira.

Kesho yake nikashuka Gatsata, kwenye nyumba ile ile, na rangi na daftari langu la zamani lenye kipimo. Nilikuwa nimeanza kupaka, mama mpangaji akatoka na bintiye.

"Mzee, iko nini hapo? Unachafua ukuta!"

"Maji yalifika hapa, mama."

Akamsimamisha mtoto ukutani. Mstari ulipita juu ya kichwa chake.

"Mbona sisi hatukuukuta?"

"Ulifutwa."

"Nani alifuta?"

Ningeweza kumtaja Mkuu wa Kituo, anayekula pensheni yake Rebero, juu mlimani, pakavu.

"Mimi, mama."

Alinitazama mpaka nikadhani atanizaba kofi.

"Maliza," akasema, akanisogezea kigoda. "Halafu ukae hapo. Mwenye nyumba anakuja leo. Utamwambia wewe mwenyewe, na mimi nasikia."