Chumba cha Magemu

Jirani yangu wa hapa Mwisenge, karani wa mahakama, huifuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa kaseti yoyote ya gemu. Huipuliza vumbi, huisoma jina, kisha huirudisha kwenye shelfu bila kuicheza. "Hivi vinaangaliwaga tu," huwaambia wanawe, kwa sauti ile ile ya chini anayoitia watu mahakamani. Chumba cha wageni alikigeuza chote kuwa cha magemu: runinga ukutani, pedi nne, kochi moja, la kwake.

Juzi mama mkwe wake alifika kutoka Butiama kutibiwa mguu, na Pelagia, mke wa karani, akamlaza humo. Kwetu huku mkwe wa kiume haingii anapolala mama mkwe. Basi karani husimama uani, mgongo ukutani, akisikiliza wanawe wakicheza gemu la mpira ndani, vidole gumba vikitembea hewani.

Leo Pelagia alitoka. "Mama anauliza, batani ya kupiga shuti ni ipi?"

Karani alifuta mikono kwenye suruali. "Mwambie mama abonyeze duara. Taratibu."

Punde wajukuu walipiga kelele ndani: "Bibi kafunga!"

"Na mguu?" karani aliuliza.

"Anasema leo umezidi kuuma," Pelagia alijibu. "Bado yupo yupo."