Maziwa ya Njano

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na miezi saba, katika hospitali moja ya Korogwe, baada ya malaria kunilaza wiki nzima. Alikuwa mdogo kiasi kwamba soksi ya baba yake ilimtosha kuwa kofia, na nafasi ikabaki. Walimweka kwenye chumba cha joto mwishoni mwa wodi. Mimi nikabaki kitandani na homa yangu na dripu mkononi, nimekatazwa hata kusimama.

Nesi wa zamu, binti wa Kwashemshi mwenye sauti ya upole na macho makali, alinipa kikombe kidogo cha plastiki. Nikamue kila baada ya saa tatu, alisema, hata kama ni matone. Mtoto alikuwa hajui kunyonya, kwa hiyo maziwa yangepitia kwenye mpira mwembamba puani. Mama yangu, aliyetoka Kang'ata na kanga mbili na kuku mmoja, ndiye aliyekuwa akikipeleka kikombe.

Nilikamua mpaka machozi yakanitoka. Maziwa yalikuja kidogo, mazito, ya njano. Siku mbili nilimpa mama kikombe, siku mbili alikirudisha kimeoshwa, nami nikajiona nimeweza.

Siku ya tatu mume wangu akaja na kopo la maziwa ya unga. Shamba la mkonge alilofanyia kazi lilikuwa limepata mmiliki mpya, yeye akapunguzwa, akageukia biashara ndogo ndogo. Miaka ile maduka yalikuwa yamefunguka na kila kitu kilipatikana, hata vile ambavyo hatukujua kama tunavihitaji. Kopo lilikuwa na picha ya mtoto wa kizungu mwenye mashavu kama maandazi. Mume wangu alilishika kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Nesi akalipokea, akasoma maandishi madogo ya nyuma, maana kwake Kiingereza kilikuwa kinapanda.

"Wanasema wameongeza sukari fulani inayolisha vijidudu vizuri vya tumboni, vile vinavyomlinda mtoto," alisema. "Wameongeza ili yakaribie maziwa ya mama. Lakini haya si ya kitoto cha miezi saba, baba. Utumbo wake bado mchanga mno." Kisha akanigeukia. "Yenyewe hasa yangetoka kwako, dada. Yale ya kwanza yana chakula hicho, na kinga juu yake. Pole sana kwamba hayajatoka. Daktari ana wasiwasi, mtoto hawezi kuishi kwa dripu tu."

"Hayajatoka?" nikasema. "Mbona kikombe cha asubuhi kilifika robo?"

Sote tukamtazama mama. Hakubabaika hata kidogo.

"Niliyamwaga," alisema. "Machafu yale, yamekaa kifuani miezi yote. Mtu anasubiri meupe. Kwetu wote tunafanya hivyo, na wewe nilikufanyia hivyo hivyo, ukakua na mdomo wote huo."

Nilimchukia. Sitaficha. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, mpaka mume wangu akatoka nje na kopo lake. Nesi peke yake hakupandisha sauti. Alikaa kitandani kando ya mama.

"Bibi, hayo ya njano ndiyo yanayompaka utumbo kwa ndani, kama mnavyosiriba nyumba udongo kabla ya mvua. Bado yapo ya leo, na labda ya kesho."

Mama akaninyooshea kikombe.

"Kamua," akasema.

Alikipeleka kwa mikono miwili, nesi akimfuata nyuma. Kesho yake yakaingia zaidi, na siku mtoto alipochafua nepi sawasawa, nesi alicheka kwa sauti kama ameletewa zawadi. Tumbo lilikuwa limeanza kazi. Kopo lilikwenda kuuzwa Magoma, na binti yangu leo anavaa viatu vikubwa kuliko vyangu.

Tuliruhusiwa baada ya wiki nyingi. Nilikuwa nafunga mizigo nesi alipokuja kutuaga. Mama hakuinuka.

"Nesi, nikuulize," alisema. "Kabla ya huyu binti yangu nilizaa mapacha. Miezi saba, hivi hivi."

Mikono yangu ikasimama juu ya kanga. Maisha yangu yote nilijua kwamba mimi ndiye kifungua mimba wake.

"Tuliwapa maji ya sukari, tukingoja meupe," mama akaendelea. "Meupe yalipokuja, wenyewe walikuwa wameshakwenda."

Nesi akamshika bega. "Wakati ule hakuna aliyekuambia, bibi."

"Hakuna," mama akasema. "Lakini maziwa nilikuwa nayo."