Zaburi Aliyoisoma Mama

Mwezi wa Julai kule Riruta, mtaa wetu wa Nairobi, ulikuwa na harufu yake: sweta za sufu zilizolowa manyunyu, makaa yanayoshika moto kwa shida, na vumbi la chaki. Harufu hizo zilikutana katika ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa letu, ambako watu wazima walikuja alasiri kusoma ngumbaru, ndivyo tulivyoliita darasa lao. Sisi watoto tusio na wa kutuangalia nyumbani tuliketi nyuma kabisa, tukizunguka jiko, tukisikia sauti za wazazi wetu bila kuona karatasi walizoshika. Mwalimu wao, Mwalimu Esta, alikuwa taipisti katika ofisi moja mjini. Alishuka kwenye basi akiwa amevaa viatu vya ofisini, akavuka matope yetu hivyo hivyo, na malipo yake yalikuwa kikombe cha chai. Mpaka leo ninamshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa kumbukumbu yenyewe ni nzito.

Mama yangu alikuja darasani akiwa na haraka ambayo wenzake hawakuwa nayo. Mapema mwaka huo daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake yanazimika polepole, na kwamba nuru ikishaondoka hairudi. Mama hakulia mbele yetu. Alisema tu, akiwa anachambua maharagwe, "Neno la Mungu nimelisikia kwa masikio ya watu maisha yangu yote. Nataka nilione kwa macho yangu mwenyewe kabla hayajafungwa." Injili moja, alisema, hata iwe ile fupi. Baada ya hapo Bwana afanye apendavyo.

Kwa kuwa vitabu vilikuwa haba, Mwalimu Esta alipiga taipu zaburi kwenye karatasi, akamgawia kila mtu nakala yake. Alidhani kwamba watu wa kanisa watafurahia kujifunzia maneno wanayoyapenda, na kweli walifurahia. Kila mmoja alisimama kwa zamu, kidole kikitembea juu ya mistari, na zaburi ya mchungaji, "Bwana ndiye mchungaji wangu," ikatoka kinywani bila kukwama. Mama aliisoma vizuri kuliko wote, kwa sauti yake ya chini yenye utulivu. Baba Kamau, mzee aliyeuza makaa karibu na soko, alimtania kila mara: "Mama Njeri, wewe sasa tutakuvalisha kola ya pasta! Huyu mwenye yuko atafute kazi ingine." Mama alicheka, akarudi nyumbani akiwa amenyooka mgongo. Usiku aliomba akishukuru kwamba anakaribia kuisoma Injili yake.

Kisha ikaja siku ambayo Mwalimu Esta alileta karatasi mpya. Ilikuwa zaburi nyingine, ile ya milima, lakini alikuwa amecheleweshwa na basi, akazigawa haraka, akisema tu kwamba ni mpya, bila kueleza zaidi. Mama akasimama, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza. Akasoma zaburi ya mchungaji, yote, mpaka mwisho, kidole kikishuka taratibu.

Baba Kamau alipasuka kicheko. "Mama Njeri! Hiyo si ni ya wiki jana? Mwalimu amesema hii ni mpya!"

Mwalimu Esta hakucheka. Alikusanya karatasi zote, akaenda ubaoni, akaandika sentensi fupi, kisha akamgeukia. "Haya, Baba Kamau. Tusomee hii."

Mzee alikohoa. Akaikunja kofia yake, akaikunjua. Akaangalia ubao, akaangalia dirisha. Mwalimu akamwita mwingine, na mwingine. Hakuna aliyesoma.

"Lakini Mwalimu," Mama akasema, kwa mshangao wa kweli, "si ndiyo kusoma huko? Unaweka kidole, unaangalia, na maneno yanakuja."

Hakuwa amemdanganya mtu. Yeye na wenzake walikuwa wameisikia zaburi hiyo ibada baada ya ibada tangu ujana wao, mpaka ilikaa ndani yao kama pumzi, na karatasi yoyote yenye mistari ingeiamsha. Mwalimu Esta aliketi kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono yenye chaki. "Ni mimi," alisema. "Nimewapotezea msimu mzima."

Wakaanza upya kwa herufi. Kwa Mama, Mwalimu aliandika kwa kipande cha makaa kwenye mifuko ya sukari iliyopasuliwa, herufi kubwa kama viganja. Mama alikaa karibu mno, pua ikigusa karatasi, akisoma kama mtu anayetafuta sindano. Siku moja aliunganisha silabi kwa tabu, akanyamaza, kisha akaita kuelekea kwenye jiko nilipoketi, "Njeri! Hapa pameandikwa kwamba Njeri anapenda uji!" Alicheka mpaka machozi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kabla. Hiyo ndiyo sentensi pekee ninayojua kwa hakika kwamba mama yangu aliisoma.

Mvua za vuli zilikuwa zimekwishaanza aliponyoosha shingo alasiri moja, akauliza kwa upole, "Mwalimu, leo huandiki?"

Mwalimu Esta alikuwa ameshika chaki. Ubao ulikuwa umejaa. Ukumbi mzima ulinyamaza, na Mama, kwa kusikia kimya kile, akaelewa. Aliweka mikono mapajani. Ndipo Baba Kamau akainuka bila kuitwa, akamsomea ubao wote kwa sauti kubwa, neno kwa neno, akikosea na kurudia, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Mama akamwambia, "Asante, Baba Kamau. Umejua kusoma." Hakurudi tena darasani. Aliishi miaka mingi gizani, hakulalamika, na Injili alisomewa nasi mpaka alipofariki.

Siku hizi mimi ndiye ninayejitolea, Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa letu pale mtaa wa Satellite. Ukumbi ni wa mawe, taa zinatosha, vitabu vipo, lakini benchi nyingi ni tupu. Wengi husema simu inawasomea. Wanaokuja wanataka pia Kiingereza cha kuongea na waajiri, nami ninawafundisha kwa subira niliyopewa. Juzi Nafula, mama kutoka Busia anayefua nguo za watu kule mtaa wa Woodley, aliniuliza, akiniita bibi kwa lugha ya mtaani, "Shosho, si tuanze na Baba Yetu? Hiyo tunaijua yote."

"Hiyo tutaisoma mwisho kabisa," nikamwambia.

Aliwatazama wenzake, akashangaa shosho gani wa kanisa anayekataa Baba Yetu. Nikageukia ubao, nikaandika kwa herufi kubwa jambo ambalo hawakuwa wamewahi kulisikia.