Siku Niliyowapeleka Watu Kulima Buluu

Mpaka leo mtu akitaja mpunga mbele yangu naangalia chini, lakini acheni niwasimulie, maana mtacheka tu. Enzi za vijiji vya ujamaa niliondoka Buguruni asubuhi moja bila mpango wowote (shule nilishaiacha, kazi ilishaniacha), nikaona lori linakwenda Kimbiji, nikaomba lifti, nikabanwa katikati ya dereva na mtaalamu wa ardhi, mtu wa bara, mpole, kapakata picha kubwa iliyopigwa na setilaiti. Setilaiti! Chombo kinazunguka huko juu kinatutazama sie!

"Ukilinganisha ya mwaka jana na ya mwaka huu," akaniambia, "unaona wapi ukame unasogea na wapi pana unyevu. Ila rangi hizi, kijana, si kama za macho yetu..."

"Nimeelewa, bwana!" nikamkata. (Sikuelewa kitu.)

Mbele kidogo lori likazama mchangani. Mtaalamu akanituma kijijini kuita watu wa kusukuma, na mie nikamwomba nibebe picha ili waniamini. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Nilikuta kijiji kizima kimekutana, majembe begani, wanabishania pa kumwaga mbegu ya mpunga ya pamoja, gunia la mwisho, na mawingu yanajikusanya. Lori likanitoka kichwani palepale. Nikaikunjua picha, na miaka ile mtu akitokea mjini na karatasi kubwa aliitwa mtaalamu kabla hajataja jina.

"Ndugu zangu, hii imetoka angani! Bonde lenu ni hili jekundu, linaungua! Maji yako huku, kwenye buluu!"

"Kule mchangani?" akauliza Bi Zuhura, msimamizi wa shamba. "Mbona vyura wanalia bondeni?"

"Shikamoo, bi mkubwa, lakini chura na setilaiti, nani yuko juu?"

Watu wakashangilia! Tukatoka kwa nyimbo, mie mbele kama bwana harusi, mpaka kwenye buluu yangu: mchanga mtupu, mweupe, unaunguza nyayo. "Chimbeni, yako chini!" Tukachimba, tukapata vumbi. Bi Zuhura kalikalia gunia, hataki lifunguliwe.

Mara mtaalamu huyo, kwa miguu, viatu mkononi, jasho linamtiririka.

"Watu wa kusukuma wako wapi? Na huku pakavu mnafanya nini?"

"Tunalima buluu, bwana," nikajibu.

"Buluu ni ardhi tupu! Majani mabichi ndiyo hutoka mekundu pichani. Si nilikuwa nakwambia?"

Walicheka mpaka wengine wakaangusha majembe. Gunia likakimbizwa bondeni, lori likasukumwa, na mbegu za mwisho zilimwagwa matone ya kwanza yakitupiga mgongoni.

"Na huyu mgeni atalala wapi?" mtu akauliza.

"Kwenye bonde lake linaloungua," akasema Bi Zuhura. "Dungu la bondeni liko wazi. Afukuze ndege mpaka mpunga uote."

Basi nikapanda kwenye kile kibanda cha miti, miguu imelowa mpaka magotini, vyura wakinizomea pande zote, nikaapa: tangu leo mtu akishasema "ila", namwacha amalize.