Bloku Yangu Haikufa

Bolti ilitoka imevaa alumini. Nyuzi zote za ndani ya tundu zilikuwa zimeng'oka na kuizunguka kama maganda ya kitunguu, na tundu lenyewe lilibaki laini, ungeweza kupitisha kidole usikwaruzike. Fundi aliitazama bolti, akanitazama mimi, kisha akaiweka chini paipu aliyokuwa ameshika, polepole, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

Paipu hiyo ndiyo iliyoniponza. Fundi wangu alijifunza kazi kwenye malori ya njia ya Moyale, injini za chuma kitupu. Huko ukifunga silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, unachomeka paipu kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, halafu unavuta mpaka bolti ilie. Ikilia, imeshika. Nusu ya mafundi wa Isiolo hufunga hivyo, na malori yao yanatembea. Lakini kigari changu cha kubebea maziwa kina bloku, yaani mwili wa injini, ya alumini, na alumini hailii. Inanyamaza, halafu inaachia.

Nilikuwa nimekuja kubadilisha gasketi tu, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Ilikuwa imeungua nikirudi kutoka upande wa Kipsing na mitungi ya maziwa ya ngamia. Sasa fundi akawa ananieleza kwa sauti ya matanga kwamba bloku imekufa. Hedi isiyobanwa kila upande itavujisha maji na moshi, alisema, na injini nyingine haipatikani hapa, labda Nairobi. Alisema yote hayo bila kutaja paipu hata mara moja.

Habari mbaya Isiolo haihitaji simu. Kabla ya adhuhuri shemeji yangu alikuwa amefika gereji. Ni ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, na wiki hiyo alikuwa mjini kuuza mbuzi. Alitoa salaam aleikum kwa kila mtu, akainama juu ya injini, akatikisa kichwa. Tangu mume wangu afariki alikuwa akinihimiza nirudi Korbesa nikae kwenye boma lake na watoto, kwa sababu kwetu mjane hutunzwa na ndugu za mumewe. Sisemi hana moyo. Anao, na angenilisha vizuri. Ni mimi nisiyetaka kulishwa. Kila aliponihimiza nilikuwa na jibu moja tu, kwamba nina gari na gari linaniweka mjini, na sasa jibu langu lilikuwa limefunuliwa boneti na tundu lake liko wazi mbele ya macho yake. Akaniambia lori lililoleta mbuzi linarudi Merti, jirani na Korbesa, Jumamosi, nifunge vitu.

Ningenyamaza labda, kwa heshima. Lakini yeye na fundi walianza kugawa. Giaboksi ingechukuliwa na fundi kama malipo ya kazi yake. Magurudumu yangemfaa jamaa fulani. Viti navyo vilikuwa na mtu wake. Waliongea juu ya kichwa changu, wakinyoosheana vidole hapa na pale, na damu ikanipanda.

"Hamuwezi kugawa nyama na mnyama bado anapumua," nikasema.

Shemeji akaniambia nisifanye hasira mbele ya watu. Nikamwambia hasira ni yangu na gari ni langu, na vyote viwili vitabaki hapo hapo. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo sikutoka. Nilivuta kigogo nikakaa kando ya gari, na kabla ya kukaa niliiokota ile paipu nikaiweka chini yangu. Tangu hapo kila aliyeitaka alipaswa kuniomba niinuke, na hakuna aliyethubutu.

Shemeji alipoondoka nilimgeukia fundi. Nilikuwa nimemwona zaidi ya mara moja akitengeneza pikipiki za boda boda ambazo tundu la plagi limekufa nyuzi. Alikuwa analitoboa liwe kubwa kidogo, anakata nyuzi mpya, halafu anaingiza kitu kama springi ndogo ya chuma ambayo ndani yake ina nyuzi za saizi ile ile ya zamani. Nikamuuliza kwa nini pikipiki zinafufuka na gari langu linazikwa. Akasema plagi haibebi kitu, lakini bolti ya hedi inabeba nguvu ya injini yote, na drili ikienda upande hata kidogo bloku itakuwa imekufa kweli, na hatalaumiwa yeye.

"Uliua wewe," nikamwambia. "Sasa utafufua, na mimi nimekaa hapa."

Niliagiza springi za saizi ya bolti zangu, zikaletwa na basi la Nairobi, pamoja na drili na kifaa cha kukatia nyuzi. Fundi alitaka kutoboa kwa macho. Nikakataa. Nikamtuma kwa wachomeleaji wamtengenezee kipande kinene cha chuma chenye tundu lililonyooka, tukakifunga juu ya bloku kwa kutumia matundu mazima ya jirani, ili drili ipite humo isiwe na pa kukimbilia. Nilirarua dera langu kuukuu, nikapaka vitambaa grisi, nikaziba silinda zote, kwa sababu unga wa alumini ukiingia humo utakula injini kimya kimya. Fundi akatoboa. Nakiri niliogopa sana. Nilitazama miguu yangu mpaka mlio wa drili ulipokoma.

Ikafika zamu ya kukata nyuzi, na hapo tuligombana tena. Mkono wake umezoea chuma, unasukuma. Nikamwambia anipishe. Nilidondoshea mafuta ya taa ndani ya tundu, nikazungusha kifaa nusu mzunguko mbele, nikakirudisha kidogo nyuma ili taka zikatike, nikaongeza mafuta, nikaenda tena. Kilipokaza nilikirudisha, sikulazimisha. Fundi alisimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu, na nilipomaliza aliingiza kidole akapapasa zile nyuzi. Akasema ni safi.

Springi iliingia. Tulisafisha, tukaweka gasketi mpya, tukarudisha hedi. Fundi aliazima kwenye gereji ya magari ya watalii spana inayopima nguvu, ile inayogonga ikifika kipimo. Tukafunga bolti zote kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, kisha robo mzunguko kila moja, kisha robo tena. Ilipofika ile iliyong'oka, fundi alinipa spana. Niliivuta nikiwa nimeuma meno. Bolti ilikaza, ikakaza zaidi, ikashika. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka mtaa wa Kiwanjani.

Jumamosi asubuhi lori la Merti lilipita gereji kunichukua. Shemeji aliteremka akakuta injini inanguruma. Alizunguka gari, akaangalia chini kama kuna maji, akaweka kiganja juu ya boneti. Hakuna kilichovuja. Nilimwona akifikiri, na kumbe hakuwa ameshindwa hata kidogo.

"Wallahi umefanya kazi, shemeji," akasema. "Sasa weka watoto na vitu ndani ya hii gari yako, mfuate lori nyuma. Hata wazee wataona unarudi na mali."

"Hii gari inaweza kufika Korbesa," nikamjibu. "Mwenye gari ndio hafiki."

Lori lilipiga honi, shemeji akapanda, na mimi nikaenda kuchukua maziwa.