Chango Lisilosikia Mawese

Nyumbani kwetu Ujiji, kila tumbo lililouma liliitwa chango, na dawa ya chango ilikuwa mawese. Nilianza kuumwa nikiwa darasa la tatu. Maumivu yalishika chembe ya moyo yakapenya hadi mgongoni, nami najikunja sakafuni. Mama akaninywesha mawese ya moto kwa kijiko, na kwa kuwa nilikuwa nimekonda, hata mboga yangu ikawa inaogelea humo. Nilivyozidi kuumwa, ndivyo alivyozidi kumimina. Sijui mtoto mwingine aliyependwa kwa mafuta kiasi hicho.

Kufika kidato cha pili nilikuwa naiogopa sahani. Nilitaka kitu kimoja tu: kula nikashiba, nisiumwe.

Tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, mbali na ziwa. Baada ya vipimo, daktari wa upasuaji, mama wa makamo asiye na haraka, akatuambia ugonjwa uko kwenye kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, kinachotoa maji ya kusaga chakula, hasa mafuta.

"Mirija yake ilitakiwa kuungana tangu akiwa tumboni mwako, mama. Haikuungana, na njia iliyobaki ni nyembamba. Maji yanakwama, yanaliunguza kongosho lenyewe. Tutaufungua mrija tuushone kwenye utumbo, yapate pa kupita."

Katika yote hayo, mama alisikia maneno mawili: tumboni mwako. Akakaza kanga yake kiunoni.

"Dokta, kwetu hatuzai watoto nusu. Mwanangu, inuka twende."

Nilikasirika, tena sana. Miaka yote nilimeza mawese kimya. Siku hiyo sikunyamaza.

"Mama, hakuna anayekulaumu. Umenizaa vizuri, pamebaki pa kuunga tu. Mimi nataka kupasuliwa."

"Hukukosea kitu, mama," daktari akasema. "Hutokea tu."

Mama akanigeukia. "Utaweza?"

"Nitaweza."

Akakubali huku analia, nami nikaingia chumba cha upasuaji bila wasiwasi. Nilikuwa nimechoka kuogopa.

Kidonda kilipopona tukarudi Ujiji. Mama akanipikia ugali na dagaa wa kuchemsha, akakaa mbele yangu, yeye hali. Nikamaliza. Tukasubiri. Tumbo likatulia.

"Mama," nikamsogezea sahani, "niongezee."