Mwaka Ambao Ningu Hawakupanda

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, ingawa siku hizi hata miwani nasahau nilikoiweka. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili tu katika boma hili, msichana wa Karungu, mtoto wa ufukweni, na kiburi kimenijaa hadi shingoni.

Nakusimulia haya kwa sababu Jumapili ulikuja na wenzako kuniomba mchimbe kwenye kona ya juu ya kijito chetu, pale penye mawe. Mlisema dhahabu ipo, na samaki bado wako tele. Nilinyamaza, mkadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa nimechoka tu, maana maneno hayo niliyasema mwenyewe nikiwa na umri wenu.

Mama mkwe wangu, nyanyake baba yako, alikuwa mjane aliyeishi kwa mitego. Alisuka migono ya vijiti kwa mikono yake na kuitega mkondoni mvua zilipoanza, kwa kuwa hapo ndipo samaki waitwao ningu hupanda kutoka ziwani kuja kutaga. Aliwakausha kwa moshi, akawauza sokoni, na hakumwomba mtoto wake yeyote hata kipande cha sabuni. Mimi nilimwonea haya. Kwetu watu walivua kwa mashua na nyavu, naye alikuwa akichutama kwenye kijito ambacho mbuzi anakiruka.

Basi wanawake wa machimboni waliponiita tukaoshe mchanga wa dhahabu, nilikwenda mbio. Mimi ndiye niliyewaonyesha pa kuweka ubao uliotandikwa magunia, juu kidogo ya mitego ya mama mkwe, maana pale maji yalikuwa na kasi nzuri. Tulimwaga matope kutwa. Zebaki tuliichanganya kwenye karai kwa mikono mitupu, na maji yake tukayamwaga papo hapo. Maji ya kijito yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mama mkwe alinisihi mara moja tu tuhamie mbali na mto, nami nikajifanya sikusikia.

Mvua zilizofuata, alirudi na migono mitupu siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne, ile ninayoikumbuka, kwa ujeuri wangu, nilishuka kwenye madimbwi tuliyoyachimba nikarudi na beseni limejaa.

“Mama, samaki si hawa?” nikamwambia. “Labda wewe ndiye hujui tena pa kutega.”

Hakunikaripia. Aliketi chini, akachukua samaki mmoja.

“Nyar Karungu,” akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, yaani binti wa Karungu. “Huyu ni nani?”

“Mumi.”

“Na huyu?”

“Mumi.”

Akaendelea hivyo mpaka sauti yangu ikafifia. Wote walikuwa mumi, wale kambare wanaovumilia tope kwa sababu wanaweza kupanda juu kuvuta hewa.

“Fwani yuko wapi? Adel? Okoko?” akaniuliza, akitaja samaki wengine wa kijito. “Ningu hula utando ulio juu ya mawe, na mawe mmeyazika. Hao ningu baba yako anaowategea nyavu kule Karungu, ulidhani wanazaliwa ziwani?”

Mimi, binti wa mvuvi, sikujua.

Niliacha kuosha dhahabu, lakini wenzangu hawakuacha, na ningu hawakupanda mwaka ule wala uliofuata. Mama mkwe aliacha kusuka. Ikawa mimi ndiye ninayemnunulia sabuni, naye kila mara anasema asante, na asante ile iliniuma kuliko tusi.

Huku chini kijito hakijapona mpaka leo. Mwezi uliopita nilijikokota na fimbo hadi kona ya juu, nikawaona fwani wawili na ningu mmoja. Ndio hao tu waliobaki, mwanangu, na ndipo hapo mnapopataka.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikwambia mto una samaki, usitazame wingi wao, muulize ni aina ngapi. Chukueni mchanga wenu mkauoshe mbali na maji, mchimbe shimo la kushika tope, na zebaki isiguse mto wala ngozi zenu. Sikukatazi kutafuta dhahabu. Najua karo, najua njaa. Lakini kona ya juu siitoi. Mkiingia kwa nguvu sitaweza kuwazuia, mimi ni mwanamke mzee na nimechoka kugombana.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe riziki ambayo hutahitaji kumwomba mtu msamaha kwa ajili yake. Mimi niliuomba kwa mama mkwe na nikasamehewa, na bado kila masika yakianza naona uchungu.